Siz, Shika Kamera

Maze skia. Kama weekend yako bado ni muvi za mabomu na ndai kuruka juu ya maghorofa, we umeachwa na nganya, na nakushow hivi juu we ni mtu wangu. Form saa hii ni doku. Zile za simba kufukuza swara waachie odijo wa geo. Mi naongelea doku za madem trans: wanaishi aje, rent wanalipa na nini, nani aliwapenda, nani aliwaruka. Mbogi ikianza moja, hakuna mtu analala. Bando inaisha, watu bado wanabishana gizani.

Lakini tuelewane kwanza. Kuna lile swali. Unalijua. Ukitaja tu dem trans, lazima mzae fulani atokee na lile swali la huko chini, ati alikatwa, ati alishonwa. Mzae ameshindwa kuenda kupimwa presha yake, lakini anataka ripoti ya daktari ya mtoto wa wenyewe. Zii. Hiyo ndio ushamba namba moja. Msee amechanuka huuliza vitu mbili tu: kamera imeshikwa na nani, na doh iliingia mfuko wa nani?

Anza na Paris Is Burning. 1990. Hii ndio shosh ya zote. Jennie Livingston, mzungu ametoka Yale, aliingia na kamera kwa ma-ball za New York, mambo ya Harlem huko, miaka ya 80. Ball ni usiku mzima wa kudunga luku na kubeba vikombe. Wasee weusi na Walatino, magay na madem trans, wengi wamefukuzwa kwao, wamejipanga kwa ma-house, na kila house iko na mathe wake. Angie Xtravaganza alikuwa mathe. Pepper LaBeija alikuwa mathe. Mathe wa kukupea mahali pa kulala na kukuuliza kama umekula. Unaingia ukumbini na category yako. Kuna ya mwanajeshi. Kuna ya boss wa ofisi, suti na briefcase, na msee hajawahi andikwa kazi na mtu. Ukitembea mpaka majaji waone boss kabisa, kikombe ni yako. Ile voguing mnabebana nayo TikTok ilitoka huko, na wenyewe walikuwa wanaichapa kitambo kabla Madonna aitolee ngoma.

Kuna mahali Dorian Corey, mmoja wa hao wa ma-ball, amekaa kwa kioo anajipaka make-up. Mos mos. Hana haraka na mtu. Anapaka, anabonga, anajicheki, anapaka tena, na hiyo sauti yake imetulia inakufunza vile msee anaweza kukumaliza kwa shade bila kutoa tusi hata moja. Hiyo scene mi huirudia kila mara. Kama unajiita mkali wa kuchana watu, enda ukae hapo kwanza, darasa ni ya bure.

Halafu Venus Xtravaganza. Dem mdogo, nywele blonde, sauti laini. Amejilaza kitandani anataja vitu anataka: mwanaume wa kumpenda, keja poa mbali na kelele ya New York, harusi ya kanisa na gauni nyeupe. Vitu hata cuzo yako wa Kayole anataka. Na kabla doku iishe, Angie anatokea kwa skrini akisema Venus ameuliwa. Desemba 1988, ndani ya hoteli. Miaka 23. Mpaka wa leo hakuna mtu amefungwa. Nimeona wasee wagumu wa base wakifika hapo wanatoka nje, wanadai wameenda kutafuta network.

Mwaka wa 2024 ikatoka nyingine, I'm Your Venus. Direkta ni Kimberly Reed, dem trans mwenyewe. Mabro wa Venus, sasa ni wazee, wanarudi kwa polisi kuuliza ile kesi ilifika wapi, wanakaa chini na familia ya House of Xtravaganza, na wanapigania jina la siz wao liandikwe kisheria vile alijiita. Miaka zaidi ya 30 baadaye. Cheki tofauti. Ya kwanza ilimrekodi. Hii imemrudia.

Sasa doh. Paris Is Burning iliuza tiketi za karibu dola milioni 4 Marekani. Ikabeba tuzo kubwa ya doku pale Sundance 1991. Mwaka wa 2016 ikawekwa kwa rejista ya filamu za taifa, zile zinatunzwa forever. Na wenye maisha yao? Walikuwa wamesaini makaratasi kitambo. Paris Dupree, ule ball yake ndio ilipea doku jina, alitaka kudai dola milioni 40. Makaratasi yakamfungia mlango. Mwishowe wasee 13 wakagawana kama dola 55,000. Toa simu upige hesabu. Ingegawanywa sawa, ingekuwa kama dola 4,200 kila kichwa, na hata haikugawanywa sawa, ilienda na vile mtu alionekana kwa skrini. New York! Hiyo ni rent ya miezi kadhaa na luku mbili, imeisha. Kuna wenye watakushow ati doku hailipangi watu wake, ndio sheria ya kazi, kwa hivyo hata hiyo ilikuwa msaada. Msaada wapi? Bila Dorian kwa kioo na Venus kitandani, Livingston alikuwa na filamu ya viti na ukuta.

Doku yenyewe naipenda mpaka kesho. Hiyo doh ndio inaniuma.

Ruka sasa mpaka Januari 2023, juu hapo ndio mambo iligeuka. Doku mbili, Sundance moja, na kamera imeshikwa na wenyewe.

Ya kwanza ni The Stroll. Kristen Lovell alianza kubadilika miaka ya 90 akiwa New York, kazini wakamfuta. Doh hakuna. Akaishia kutafuta riziki usiku pale Meatpacking District, mtaa wa machinjio, mahali madem trans walikuwa wanasimama kungoja makastoma. Mwaka wa 2007 alikuwa ndani ya doku ya mtu mwingine. Akajiambia hii stori mi mwenyewe naweza kuitoa. Akaidirekti pamoja na Zackary Drucker. Mchana anatembea na masiz wake kwa zile street walikuwa wanasimama, na saa hii huko ni maboutique, kiatu moja inakula mshahara wako, na juu kuna bustani ya watalii. Wanaonyeshana kona: hapa ndio makarao walikuwa wanatushika, hapa ndio tulikuwa tunajificha baridi. Kulikuwa na sheria New York tangu 1976 ya kushika watu ati wanazurura kuuza mwili, na karao alikuwa anaangalia tu dem trans amesimama na sketi, pingu. Iliondolewa 2021. Ungedhani ni makanjo wa CBD.

Kitu inafanya The Stroll iweze ni vile hao wadada wanachekanga. Wanakumbushana mastori noma kabisa, na kicheko inatoka palepale kwa uchungu, juu anayeuliza alikuwa amesimama kona hiyohiyo. Msee wa nje hawezi pewa hiyo kicheko. Hata alipe.

Ya pili, maze. Kokomo City. Nikikushow hii ndio kali ya zote usibishe, cheki kwanza. D. Smith alikuwa produsa wa muziki, alifanya kazi na Lil Wayne. Akaanza kuishi kama dem, industry ikamzimia simu. Akakosa keja, akawa analala kwa sofa za mabeste. Aliomba madirekta wengine wamfanyie hii doku, wakamruka. Akachukua kamera akaishuti mwenyewe, akaiediti mwenyewe. Black and white yote, maandishi ya njano, muziki imepangwa na mtu anajua beat. Hakuna ile sauti ya huruma ya kusema "maskini hawa". Wadada ni wanne, Daniella Carter, Dominique Silver, Liyah Mitchell na Koko Da Doll, wa New York na Georgia, wote weusi, wote wamewahi kuuza mwili. Liyah anaanza na stori ya kastoma aliingia na bunduki, vile waling'ang'ania, na vile iliisha. Sikuharibii. Utacheka, halafu utashtuka kwa nini umecheka.

Wanabonga vitu wazae wa mtaani hawataki ziguswe. Ati wale wanaume hutukana madem trans mchana ndio walewale huwapigia simu usiku. Watu wazito, wako na familia, wako na kiti ya mbele kanisani. Pause hapo ucheki sura za watu kwa keja. Utajua mengi.

Kokomo City ikabeba tuzo mbili Sundance, moja ya watazamaji. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2023, Koko akapigwa risasi Atlanta, akadedi. Alikuwa na miaka 35. Doku ilikuwa bado haijafika kwa sinema. Alikuwa ameanza kualikwa, ameanza kupigwa picha na luku safi. Kutoka Venus mpaka Koko ni miaka 34, na hapo sina mzaha wowote, jo. Inakera.

Kama unataka kitu laini ya kuanza nayo na mathe kwa sitting room, weka Will & Harper ya 2024. Will Ferrell, ule msee wa comedy, na beste yake wa miaka mingi Harper Steele, wanavuka Marekani na ndai kutoka New York mpaka Los Angeles, baada ya Harper kuambia watu ye ni dem. Harper amempea Will ruhusa aulize chochote. Hapo hata lile swali linakaa sawa, juu mwenye mwili ndio amefungua mlango. Lakini hao ni masonko. Ukiwa na doh ya Hollywood, hata uoga unaupitia na hoteli.

Najua mzae ameshaanza kukohoa. Ati hizi ni vitu za wazungu. Buda, shuka hapa Kampala. The Pearl of Africa, 2016. Cleopatra Kambugu, dem Mganda, amesomea biolojia, na mwanaume wake Nelson. Gazeti la udaku likamwanika. Ilibidi wahepe Uganda, wakakuja kujipanga hapa Kenya, na akaenda Thailand kufanyiwa operesheni. Lakini hizo sizo zinashika roho. Ni vile Nelson anamcheki. Msee amependa, hana speech, hana hasira, amekaa tu kando ya dem yake. We unaringa na couple goals za Insta, na hawa wawili walikuwa wanapendana wakiwindwa. Kamera ilishikwa na Jonny von Wallström, Mswidi. Nampa heshima yake, alikaa nao miaka na anajua kunyamaza. Bado nauliza maswali yangu mawili, juu hakuna mtu nasamehea.

Na hapa Nairobi? Audrey Mbugua, dem trans wa hapa, alipeleka baraza la mitihani kortini, na mwaka wa 2014 High Court ikaamua cheti chake cha KCSE kitolewe upya, jina lake likiwa juu na ile alama ya jinsia ikiwa imetolewa. Cheti ya fom fo! We unajua vile kupata tu result slip imepotea ni vita. Hiyo ni doku ya dakika 90, scene za korti, foleni za ofisi, na mtu mmoja mkaidi. Nataka kuiona.

Noma ni bodi ya filamu. Mwaka wa 2021 walipiga marufuku I Am Samuel, doku ya Mkenya kuhusu wanaume wawili wanapendana, na hiyo haikuwa hata ya trans. Wamekaa kwa meza kuchagulia watu wazima kitu ya kuona, na kila mtu mtaani ako na simu. Walinipea tu sababu ya kuitafuta.

Kamera poa pale Luthuli inakula mkwanja mbaya, na lens inakula zaidi. Lakini D. Smith alikuwa analala kwa sofa. Kwa hivyo kama uko na kamera imelala chini ya kitanda tangu ile harusi ya cuzo, na unajua dem trans ako na stori, mpelekee. Mkopeshe na charger. Mfunze kuediti kama hajui. Na kabla ya kuwasha record, andikeni karatasi: jina lake kama direkta, percent yake, na nani atakuwa anashika pesa zikiingia.