Istilahi za Mahakama za Kimataifa: "Kimbari" na "Halaiki"

Neno la mazungumzo likitumiwa vibaya, msikilizaji huuliza akafafanuliwa. Istilahi ya sheria ikitumiwa vibaya, mtu huweza kutiwa hatiani kwa kosa asilolitenda, au kuachiliwa kwa kosa alilolitenda. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi tatu ambazo wafasiri na waandishi wetu huzichanganya mara kwa mara, nazo ni uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, na mauaji ya kimbari.

Uhalifu wa kivita ni ukiukaji mkubwa wa sheria za vita, kama vile kuua mateka au kuwashambulia raia kwa makusudi. Pasipo vita, kosa hili halipo. Uhalifu dhidi ya binadamu hauhitaji vita. Sharti lake ni kwamba tendo liwe sehemu ya shambulio dhidi ya raia, lililoenea au lililofanywa kwa utaratibu. Sharti la mauaji ya kimbari ni nia. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948, mtendaji lazima awe amekusudia kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, la kabila, la rangi au la dini.

Hapa ndipo kimbari inapoachana na halaiki. Halaiki ni umati wa watu. Hivyo mauaji ya halaiki hutaja wingi wa waliouawa. Kimbari latokana na mbari, yaani ukoo, nalo hutaja sababu ya kuuawa. Mfasiri anayeandika halaiki pale palipokusudiwa kimbari huwa ameiondoa nia, na nia ndiyo kosa lenyewe. Ni kweli kwamba mbari ni neno finyu kuliko makundi manne ya Mkataba. Hata hivyo, mipaka ya istilahi huwekwa na fasili yake wala si na asili yake.

Mfano ulio karibu nasi ni Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994, ikaketi Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Watu 93 walishtakiwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la kimbari. Katika kesi hiyo, ushahidi wa Kinyarwanda ulifasiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza. Mahakimu walilazimika kumsikiliza mtaalamu wa lugha juu ya maneno kama inyenzi, ambalo maana yake ya kawaida ni mende, kwa kuwa maana iliyokusudiwa ilitegemea nani alilitamka, wapi na wakati gani.

Sasa na tulipime neno hili nyumbani. Mwalimu wa Kharumwa, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, aweza kuulizwa na wanafunzi wake: je, mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa tangu 2007 yalikuwa ya kimbari? Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Kosa lilikuwa kuua kwa kukusudia. Wauaji wa namna hii hutafuta viungo vya mwili kwa tamaa ya utajiri; nia ya kuangamiza kundi haikuwa msingi wa shtaka, wala ualbino haumo katika makundi manne ya Mkataba. Jibu, basi, ni kwamba hayakuwa ya kimbari kisheria. Kusema hivyo hakupunguzi uzito wa damu ya mtoto yule. Adhabu iliyotolewa yatosha kuthibitisha.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba mauaji ya kimbari litumike pale tu nia hiyo inapodaiwa au imethibitishwa. Mauaji ya halaiki libaki kuwa neno la wingi. Na mwandishi aandike "anashtakiwa" mpaka mahakama itakapotoa hukumu.