Yai Lina Ukoo

Chukua trei moja, mayai 30, ya banda moja na chakula kimoja. Yamulike kwa tochi gizani. Matatu au manne yatakuwa na ufa mwembamba kama unywele, mengine mazima. Mfugaji hukimbilia duka la pembejeo kuongeza chokaa. Hajakosea, ila chokaa haielezi kwa nini kuku yule yule hutaga yai la ufa kila mara, na wenzake wanaokula naye hawalitagi.

Ganda huchukua saa 20 hivi kujengwa, sehemu kubwa usiku, na hula gramu 2 za kalsiamu. Kuku akiwa amelala, sehemu ya madini hayo huchotwa kwenye mifupa yake. Jeni ndizo zinazoamua wepesi wa kuyachota na kuyapitisha hadi kwenye yai. Jeni nyingine hutengeneza protini, mfano ovokledini-116, zinazopanga chembe za chokaa. Ganda nene lililopangwa ovyo linaweza kuvunjika upesi kuliko jembamba lililoshikana.

Katika uimara wa ganda, asilimia 20 hadi 40 ya tofauti kati ya kuku na kuku hukadiriwa kuwa ya kurithi. Rangi hurithiwa zaidi ya hapo, lakini wateja wetu hudanganyika: ukahawia hauna mkataba na ugumu. Kuku wa Araucana wa Chile hutaga mayai ya bluu kwa sababu ya kirusi cha kale kilichojipachika ndani ya jeni zao. Jambo hilo lilibainika mwaka 2013.

Ili kupima ugumu huo, wazalishaji wa mbegu za kuku wana mashine inayoligonga yai taratibu na kusikiliza mlio wake, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukilipia.

Sisi tunaototolesha nyumbani hujikwaa kwenye ukubwa. Tunachagua mayai makubwa kuliko yote, ilhali kadiri kuku anavyozeeka yai hukua bila ganda kuongezeka kwa kiwango hicho, hivyo ganda linakuwa jembamba. Kuna koo ambazo ganda lao hudhoofika mapema, nyingine hustahimili. Yai la kuatamisha litoke kwa kuku mzee ambaye bado anataga mayai magumu.

Halafu jogoo. Hatagi, lakini nusu ya jeni za binti zake ni zake. Kabla ya kuvutiwa na kilemba chake chekundu, uliza mama yake na dada zake wanataga mayai ya namna gani.