Chombo cha Kazi Kinapobeba Familia Wakati wa Likizo

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, magari ya abiria yaendayo Bwera kutoka Kasese hujaa pomoni. Wanafunzi wanarudi makwao, wafanyakazi wanakwenda kuwasalimu wazee, na kila mtu ana mzigo wake mkononi. Lakini kwa familia za wavuvi zinazoishi kandokando ya Ziwa George na Ziwa Edward, iko njia nyingine ya kuwafikia ndugu, nayo ni ya maji. Mwenye chombo chake hana haja ya kupanga foleni kituoni. Huwapakia mkewe na watoto, akaenda kutoka kijiji hadi kijiji, akilala kwa jamaa usiku na kusafiri asubuhi, na kwa muda wa siku nne au tano chombo kile kile kinachowalisha mwaka mzima huwa ndicho kinachowaburudisha.

Hapana shaka kwamba likizo ya namna hiyo ni nzuri. Watoto hujifunza nchi yao kwa macho, na jamaa waliotengana hukutana. Hata hivyo liko jambo moja ambalo wazazi wengi hulisahau. Chombo kilichozoea kubeba watu wazima watatu na nyavu zao hakijui kwamba leo ni sikukuu. Kikipakiwa bibi kizee, mtoto mchanga, mbuzi na magunia, huwa ni chombo kingine kabisa, na hesabu yake haina budi kufanywa upya.

NJIA YENYEWE

Tuchukue mfano wa familia inayokaa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kilichoko magharibi ya Ziwa George katika Wilaya ya Kasese. Baba ni mvuvi. Mama hukausha samaki na kuwapeleka soko la Mpondwe, mpakani, karibu na Bwera. Watoto ni wanne, na mama mzaa baba anaishi Bwera. Familia hiyo ikitaka kwenda kwa maji, itavuka pembe ya Ziwa George, iingie Mfereji wa Kazinga, ipite chini ya daraja la Katunguru, itokee Mweya kwenye Ziwa Edward, ifike Katwe, kisha ifuate ufuko kuelekea magharibi hadi Kayanzi. Kutoka hapo watapanda gari hadi Bwera.

Katika safari hiyo moja wanakutana na maji ya aina tatu, na kila moja lina tabia yake. Ziwa George lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 250, lakini kina chake kwa wastani hakizidi mita mbili na nusu. Kwa kuwa ni la kina kifupi, upepo wa mchana hulivuruga kwa haraka, na mawimbi yake ni mafupi, ya kufuatana. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa sababu ya mimea midogo mno inayoelea ndani yake. Mfereji wa Kazinga, wenye urefu wa kilomita zipatazo 32, ni mtulivu, na maji yake hutoka Ziwa George kwenda Edward polepole sana. Ziwa Edward ni jambo jingine. Lina kilomita za mraba zaidi ya 2,000, sehemu kubwa zaidi ikiwa upande wa Kongo, na mahali penye kina kirefu hupita mita 100. Aliyezoea Ziwa George asidhani kwamba amelijua Edward. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Safari ya maji huanzia jikoni na uani, si ufukoni. Akina mama wanafahamu kwamba watoto wenye njaa hawatulii, na asiyetulia ndani ya chombo huwahatarisha wenziwe. Yafaa kuchukua vyakula visivyohitaji moto: mihogo iliyochemshwa, mayai, njugu za kukaanga, ndizi mbivu na chapati. Chai itiwe katika chupa yake nyumbani. Kupika kwa makaa ndani ya chombo chenye petroli ni kujitakia balaa. Maji ya kunywa yachemshwe siku moja kabla na kuwekwa katika jerikeni safi lenye mfuniko. Wilaya ya Kasese imewahi kupatwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo mtoto asiachwe achote maji ya ziwa kwa kiganja na kunywa, hata kama ndiyo mazoea ya wavuvi. Jerikeni la maji na lile la petroli yawe ya rangi mbalimbali, na yakae mbalimbali.

Kuhusu petroli, hesabu nzuri ni ya mafungu matatu: fungu moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la akiba ambalo haliguswi ila kwa dharura. Makasia yachukuliwe hata kama injini ni mpya. Kadhalika pawepo ndoo mbili za kukumbia maji ngamani, kamba ndefu, filimbi na tochi.

Jaketi la kuokoa maisha si pambo wala si kiti. Kila mtu awe na lake, na lake limtoshe. Jaketi la mtu mzima akivishwa mtoto humponyoka kichwani mara aangukapo majini, hivyo la mtoto liwe dogo na liwe na mkanda upitao katikati ya miguu. Mama mwenye mtoto mchanga asimfunge mgongoni kwa leso akiwa safarini. Avaapo jaketi na kuanguka, mwili wake utaelea chali, na mtoto aliyefungwa nyuma atakuwa chini ya maji. Ampakate mbele, mikononi. Tena wazazi wasijidanganye kwamba mtoto aliyekulia ufukoni anajua kuogelea. Wengi wao huyachezea maji yafikayo magotini tu.

SIKU YA KUSAFIRI

Saa bora ni za asubuhi, tangu kupambazuka hadi kabla ya jua la utosi, ziwa likiwa limetulia. Baada ya hapo upepo hupanda, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa milima ya Ruwenzori, mwenye busara huwa amekwisha funga chombo chake. Safari ya Hamukungu hadi Katunguru iwe ya siku ya kwanza, na ya Katunguru hadi Katwe iwe ya pili. Asiyekuwa na haraka hulala salama.

Katika Mfereji wa Kazinga watoto wataona mengi: tembo na nyati wanaokuja kunywa, ndege wa kila rangi, mamba wanaoota jua, na viboko kwa makundi. Sehemu kubwa ya kingo zake ni Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, kwa hiyo haifai kutia nanga popote na kushuka ili kupumzika au kuwasha moto. Vijiji vya wavuvi ndipo mahali pa kushukia.

Mwezi huo huo wa Desemba ndipo watu wasiojua huangamia kwa furaha. Tembo akitokea upande wa kulia, wote huinuka na kukimbilia upande wa kulia. Chombo chembamba hakistahimili jambo hilo. Baba awafundishe watoto kabla ya kuondoka kwamba kila mmoja ana mahali pake, na kwamba mnyama hutazamwa kwa kukaa. Ama kiboko, hatari yake ni kubwa kuliko ya mamba kwa mtu aliye chomboni. Mchana hukaa katika maji mafupi, na akishtuka hukimbilia kwenye kina. Atakayepitisha chombo baina ya kiboko na kina chake, au baina ya mama na mwanawe, amejiweka njiani. Kwa hiyo nahodha apite mbali na kundi, apunguze mwendo, na agonge ubavu wa chombo kwa kasia ili mnyama ajue kwamba wako watu. Jioni viboko hutoka kwenda kula majani, na njia zao hupita katikati ya vijiji. Watoto wasitumwe ufukoni baada ya magharibi.

OMBI LA KATWE

Katwe ni mji wa chumvi. Ziwa lake la chumvi limekuwa likichimbwa tangu zamani, na biashara yake ilikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1891 Lugard alijenga ngome karibu na hapo ili kuidhibiti. Familia itafurahi kulala huko siku mbili, watoto waone vidimbwi vya chumvi na mama anunue ya kumpelekea mkwewe.

Lakini ni hapo hapo Katwe ambapo likizo hupimwa. Asubuhi ya kuondoka, kaka yake mama huja ufukoni na mkewe, watoto watatu na mbuzi wa sikukuu. Nao pia wanakwenda Bwera. Nauli imepanda, na chombo cha shemeji kina nafasi. Nyuma yao jirani amesimama na magunia mawili ya chumvi. Waliotoka Hamukungu walikuwa sita, na sasa wanaelekea kuwa kumi na wawili. Baba atasema nini? Akikataa ataitwa mchoyo mbele ya watu. Akikubali, ubavu wa chombo utakuwa juu ya maji kwa upana wa kiganja tu, na mbele yake liko Ziwa Edward.

Tusiseme kwamba jambo hili ni la kubuni. Maji ya Ziwa Edward hutoka kwa Mto Semliki na kwenda Ziwa Albert, na katika ziwa hilo, siku ya Krismasi ya mwaka 2016, chombo kilichowachukua vijana wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa kilipinduka. Walikuwa wakienda Hoima kwa mchezo wa sikukuu. Abiria walikuwa wapatao 45, na inakadiriwa kwamba 30 hivi walikufa maji. Polisi walieleza kwamba chombo kilijaa kupita kiasi, na uzito ukaelemea upande mmoja huku watu wakishangilia. Miaka miwili kabla, Machi 2014, katika ziwa hilo hilo, chombo kilichowabeba wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo kilizama, na watu zaidi ya 200 wakapotea. Chanzo ni kile kile: palikosekana mtu wa kusema basi.

Dawa ya jambo hili haipatikani ufukoni, kwa kuwa ufukoni pana haya na undugu. Hupatikana nyumbani. Kabla ya likizo, baba na mama wakipakie chombo chao watu na mizigo waliyopanga, wakisukume majini penye utulivu, na kuona maji yanapofika ubavuni. Ukingo ukibaki juu ya maji kwa shibiri mbili au zaidi, wapake hapo mstari wa rangi nyeupe, mbele na nyuma, pande zote mbili. Mstari huo ndio sheria. Ukizama, kitu kishuke. Hapo baba anaweza kumjibu mgeni wake kwa heshima: "Shemeji, si mimi ninayekataa. Tazama ule mstari. Mke wako na mtoto mdogo nitawachukua, na yale magunia yetu yatakwenda na wewe kwa gari." Hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna aliyetukanwa. Mzigo na mtu vimebadilishana nafasi, na undugu umebaki. Jaketi la ziada likikosekana, hata hao wawili wasipande.

Yafaa pia kukumbuka kwamba leseni ya uvuvi ni ya uvuvi. Anayechukua nauli kwa wapita njia ameingia katika kazi nyingine, yenye masharti yake. Uganda ilitunga sheria ya usafiri wa majini ya ndani mwaka 2021, nayo inahusu usajili wa vyombo na usalama wa abiria.

MPAKA USIOONEKANA

Kutoka Katwe kwenda Kayanzi, nahodha ajihadhari na jambo jingine. Huko Mpondwe mpaka unaonekana, kwani upo mto, daraja na maofisa. Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande wa pili husalimiana kwa lugha zinazoelewana, na Kiswahili huwaunganisha na wengine. Ziwani mpaka upo vile vile, ila hauna alama. Wavuvi wa Uganda wamekamatwa mara nyingi na askari wa Kongo kwa kuvuka bila kujua, na Julai 2018 askari wa majini wa nchi hizo mbili walirushiana risasi ziwani, watu wakapoteza maisha. Familia yenye watoto isiukaribie mstari huo. Ifuate ufuko, isikate ziwa ili kufupisha njia, nao wazazi wachukue vitambulisho vyao.

Ikitokea bahati mbaya chombo kikapinduka, wote wakishike na wasikiache. Chombo cha mbao aghalabu huelea hata kikijaa maji, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Wengi hufa kwa kujaribu kuogelea kwenda nchi kavu inayoonekana karibu na isiyo karibu.

Mwisho, ndani ya chombo awepo mwenye amri mmoja, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwenye amri asionje pombe mpaka afike. Akisema leo upepo ni mbaya, tulale Katwe siku moja zaidi, asibishiwe na mkewe wala watoto. Bibi aliyeko Bwera atangoja. Akipigiwa simu na kuambiwa kwamba wajukuu watafika kesho, atafunika chungu chake cha sombe na kulala.