Bodi ya wakfu wa maktaba ya umma

Bodi ya wakfu wa maktaba ya umma ni kundi la watu wanaosimamia shirika la hisani lililoundwa kwa ajili ya kuchangisha na kutunza fedha kwa faida ya maktaba ya umma. Kwa kawaida wajumbe wake hujitolea, yaani hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kisheria wao ndio wanaowajibika kuhakikisha kwamba fedha zilizotolewa kwa maktaba zinafika kwenye maktaba.

Bodi za aina hii zimeenea hasa nchini Marekani, ambako maktaba nyingi za umma hutegemea kodi za mji au wilaya kwa mahitaji ya kila siku, na michango ya watu binafsi kwa mambo ya ziada. Neno wakfu katika makala hii lina maana ya shirika la hisani lenye mali iliyotengwa kwa lengo maalumu. Halihusu moja kwa moja wakfu wa sheria ya Kiislamu unaojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki, ingawa wazo la mali iliyofungwa kwa kusudi la mtoaji linafanana.

Tofauti na vyombo vingine

Maktaba moja ya Marekani inaweza kuzungukwa na vyombo vitatu ambavyo wasomaji huvichanganya mara nyingi:

- Bodi ya maktaba ni chombo cha umma. Wajumbe wake huteuliwa na meya au halmashauri, au huchaguliwa kwa kura. Kutegemea sheria za mahali, bodi hii hupanga sera, hupitisha au kupendekeza bajeti, na mara nyingi humwajiri mkurugenzi wa maktaba.
- Marafiki wa maktaba ni chama cha wanachama wa kawaida. Huuza vitabu vilivyotumika, husaidia katika shughuli za watoto na hutoa michango midogo midogo.
- Wakfu ni shirika binafsi la hisani lenye katiba, bodi na akaunti zake. Hulenga michango mikubwa, wasia na fedha za kudumu.

Bodi ya wakfu haina mamlaka ya kuamua vitabu vipi vinunuliwe wala nani aajiriwe maktabani. Ili kuzuia mivutano, wakfu na maktaba huandikiana hati ya makubaliano inayoeleza nani anaomba fedha, nani anazitunza na nani anaamua zitumikeje. Tangu mwaka 2009 makundi haya yote yana chombo cha pamoja kiitwacho United for Libraries, ambacho ni kitengo cha Chama cha Maktaba cha Marekani.

Historia

Michango binafsi ni ya zamani karibu sawa na maktaba za umma zenyewe. Mwaka 1852 Joshua Bates, mwenye benki Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliahidi dola 50,000 kwa ajili ya vitabu vya maktaba ya mji wa Boston. Alidai kwamba mji ujenge jengo la kufaa na kwamba maktaba iwe wazi kwa wote bila malipo.

Andrew Carnegie alitumia kanuni kama hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Kwa kawaida mji uliopata fedha ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka 10% ya thamani ya zawadi hiyo kwa ajili ya uendeshaji. Hivyo zawadi ya tajiri ilikuwa mwanzo tu, na mzigo wa kudumu ulibaki kwa walipa kodi.

Wakfu zilizopo leo ziliongezeka hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakati bajeti za miji zilipobanwa.

Wajumbe na kazi zao

Wajumbe wengi ni wanasheria, wahasibu, walimu wastaafu, wafanyabiashara na wasomaji wa muda mrefu wa maktaba husika. Hukaa kwa vipindi vilivyowekwa katika katiba ya shirika. Miongoni mwao huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wakfu mkubwa huajiri mkurugenzi na wafanyakazi wanaolipwa; katika wakfu mdogo wajumbe wenyewe huandika barua za shukrani na kupanga viti ukumbini.

Kazi kuu za bodi ni:

- kupitisha bajeti ya wakfu na kupokea ripoti ya mkaguzi wa hesabu;
- kuchangisha fedha, kuanzia kwa mjumbe mwenyewe, kwa kuwa bodi nyingi humtaka kila mjumbe atoe mchango wake wa mwaka;
- kuamua jinsi akiba inavyowekezwa;
- kumwajiri na kumtathmini mkurugenzi wa wakfu, kama yupo;
- kuidhinisha misaada kwa maktaba.

Wajibu wa kisheria

Kujitolea hakumwondolei mjumbe wajibu. Sheria za majimbo ya Marekani hutambua kwa jumla wajibu wa aina tatu. Wajibu wa uangalifu unamtaka mjumbe ahudhurie mikutano, asome taarifa za fedha na aulize maswali. Wajibu wa uaminifu unamtaka atangulize maslahi ya wakfu. Kama kampuni yake inataka zabuni ya wakfu, anapaswa kutangaza mgongano huo wa maslahi na kujitoa katika uamuzi. Wajibu wa utii unamtaka afuate sheria, katiba ya shirika na lengo lake.

Wakfu nyingi zimesajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kinachozisamehe kodi ya mapato na kuziruhusu kupokea michango inayompa mtoaji nafuu ya kodi. Kwa upande mwingine zinakatazwa kabisa kumpigia kampeni mgombea wa uchaguzi. Isipokuwa zile ndogo sana, hutakiwa kujaza kila mwaka fomu namba 990, inayoonyesha mapato, matumizi na majina ya wajumbe. Fomu hiyo ni wazi kwa umma. Mwanasheria mkuu wa jimbo anaweza kuchunguza wakfu unaotumia fedha vibaya.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 ya kuwakinga wanaojitolea huzuia mjumbe kushtakiwa binafsi na watu wa nje kwa uzembe wa kawaida, ilimradi halipwi zaidi ya dola 500 kwa mwaka mbali na kurudishiwa gharama. Haimkingi aliyetenda kosa la makusudi au uzembe mkubwa.

Michango yenye masharti na mfuko wa kudumu

Sehemu ngumu ya kazi ya bodi ni kuheshimu nia ya mtoaji. Kwa mfano, mtu akiacha dola 20,000 katika wasia kwa ajili ya vitabu vya watoto vya tawi moja, bodi haiwezi kuzitumia kutengeneza paa la tawi jingine, hata kama paa linavuja. Ndiyo maana baadhi ya wakfu hukataa zawadi ambazo masharti yake yatakuwa mzigo baadaye.

Mfuko wa kudumu ni akiba inayowekezwa ili sehemu ndogo tu itumike kila mwaka, mara nyingi 4% au 5%. Kwa kiwango cha 4%, mfuko wa dola 1,000,000 hutoa dola 40,000 kwa mwaka. Kanuni za mifuko hii zimo katika sheria ya mfano ya mwaka 2006 iliyopitishwa na karibu majimbo yote. Katika baadhi ya majimbo, kutumia zaidi ya 7% kwa mwaka huchukuliwa kuwa dalili ya kukosa busara.

Mfano wa Los Angeles

Tarehe 29 Aprili 1986 Maktaba Kuu ya Los Angeles iliungua kwa zaidi ya saa saba. Vitabu vipatavyo 400,000 viliteketea, na mamia ya maelfu ya vingine viliharibiwa na maji na moshi. Vilivyolowa viligandishwa katika maghala ya barafu ili visiote ukungu. Kampeni ya kununua vitabu vipya ilichangisha dola milioni 10. Wakfu wa maktaba ya mji huo ulianzishwa mwaka 1992, na jengo lilifunguliwa tena Oktoba 1993.

Historia ya baadaye ya mji huohuo inaonyesha mipaka ya hisani. Mwaka 2010, kutokana na upungufu wa bajeti ya mji, maktaba zilifungwa siku za Jumapili na Jumatatu, ingawa wakfu ulikuwepo. Siku hizo hazikurudishwa kwa michango: Machi 2011 wapiga kura waliamua kuongeza sehemu ya mapato ya mji inayotengewa maktaba.

Ukosoaji

Wakosoaji wanahofia kwamba halmashauri ikiona wakfu unachangisha vizuri, itapunguza fedha za kodi. Kwa sababu hiyo wakfu nyingi husisitiza kwamba zinaongeza juu ya bajeti ya umma bila kuchukua nafasi yake.

Hoja nyingine ni usawa. Sharti la mchango mkubwa huwafungia nje watu wa kipato cha chini ambao ndio wanaotegemea maktaba zaidi. Aidha, mtaa wenye matajiri unaweza kupata tawi zuri kuliko mtaa wa jirani.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania na Kenya huduma za maktaba zilijengwa hasa kupitia bodi za serikali. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1975. Bodi kama hiyo ni chombo cha umma, tofauti na wakfu.

Hata hivyo mchango binafsi haukukosekana. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilijengwa kwa ukumbusho wa William Northrup McMillan kwa juhudi za mjane wake. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Mwaka 1962 ilikabidhiwa kwa halmashauri ya jiji. Shirika la hisani la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limeshirikiana na serikali ya kaunti kukarabati maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, huku maktaba zenyewe zikibaki mali ya umma.