Mwenzako anastahili tuzo? Chukua kalamu uandike

NA MWANDISHI WETU

MEI Mosi haijui mpaka katika ukanda huu wetu. Kuanzia Nairobi hadi Dodoma, Kampala hadi Kigali, Bujumbura hadi Kinshasa, siku hiyo ni sikukuu, na wafanyakazi hutoka na mabango na fulana mpya. Nchini Tanzania kuna desturi inayosubiriwa kwa hamu: taasisi humchagua mfanyakazi wake hodari, akaitwa jukwaani kupokea cheti na mkono wa pongezi, na mara nyingi bahasha ya fedha. Nchini Uganda, baadhi ya wafanyakazi huvishwa medali siku hiyo. Katika kampuni binafsi, yaani benki, viwanda, hoteli na kampuni za simu, tuzo za mfanyakazi bora hutolewa zaidi kwenye hafla ya mwisho wa mwaka.

Watu hupiga makofi, picha zikapigwa, wakaenda kula. Lakini kabla ya makofi hayo kuna hatua ambayo haipigwi picha: mtu fulani alikaa chini, akajaza fomu na kueleza kwa nini mwenzake anastahili. Makala haya yanamhusu mtu huyo, kwa sababu kazi anayoifanya ni kubwa kuliko anavyodhani.

Mabaya huandikwa, mema husemwa tu

Fungua faili la mfanyakazi wa kawaida katika ofisi nyingi. Utakuta barua ya ajira, nakala za vyeti vya shule, fomu za likizo na karatasi za hospitali. Kama amewahi kuteleza, utakuta pia barua ya kumtaka ajieleze, majibu yake, na onyo la maandishi lenye tarehe, saa na saini. Hilo halishangazi. Mwajiri anayemwadhibu mtu au kumwachisha kazi anaweza kutakiwa kuthibitisha sababu zake mbele ya wasuluhishi au mahakama, kwa hiyo kosa huandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Sasa tafuta humo siku ambayo mfanyakazi huyo aliokoa mzigo wa mteja, au alipokaa na mgeni wa kazi wiki mbili akimfundisha mpaka akaiva. Mara nyingi hutaikuta. Ilisemwa kantini, watu wakasifu, ikaishia hapo. Fomu ya tathmini ya mwaka ina alama na saini, lakini ni nadra kusimulia kilichotokea. Meneja aliyeshuhudia naye akahamishwa.

Mkataba unapofika mwisho, anayeamua kama uongezwe anaweza kuwa mtu mgeni kabisa. Mbele yake lipo faili lenye onyo moja la mwaka juzi, na hakuna kingine cha kumsemea mwenye faili. Katika ukanda ambao wengi hufanya kazi kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, hapo ndipo mkate wa familia unapoamuliwa.

Ndiyo maana fomu ya kumpendekeza mwenzako haipaswi kujazwa kwa kulipua. Hata asiposhinda, maelezo yake yanaweza kuombewa nafasi katika faili lake, yakae upande wa pili wa mizani. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hii huanza kwa kuandikwa.

Chema ofisini hakijiuzi

Kuna methali nyingine tunayoipenda, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ni kweli. Ofisini mambo ni tofauti. Tazama wanaoshinda tuzo mwaka hadi mwaka: afisa mauzo mwenye takwimu zake, wa mapokezi anayeonekana na kila mgeni, msaidizi anayekaa karibu na mlango wa mkurugenzi. Huenda wote wanastahili. Lakini wako wapi mlinzi wa usiku, fundi wa jenereta, karani wa stoo na dada anayefanya usafi?

Ugumu wao ni kwamba kazi yao ikifanyika vizuri, hakuna kinachotokea. Umeme unakatika na jenereta linawaka. Nani ataandika habari hiyo? Stoo haina upungufu. Nani atapiga makofi? Watu hukumbuka kwamba kuna fundi siku ambayo taa zimezimika mbele ya wageni.

Mkurugenzi hawezi kuyaona haya kutoka ghorofa ya nne. Anayeyaona ni mwenzake wa zamu, au yule anayepokea kazi pale mwingine alipoiachia. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi haziachi tuzo mikononi mwa wakubwa peke yao, bali huwaomba wafanyakazi wenyewe wapendekeze. Mlango uko wazi, ila wanaoutumia ni wachache, na wengi wao huandika mistari miwili tu.

Sifa tupu hazimsaidii

Mistari hiyo miwili tunaijua sote: “Ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma na ana ushirikiano mzuri na wenzake.” Kamati ya tuzo ikipokea fomu 40, huenda 30 zikawa na maneno hayo hayo. Mwenye kusifiwa hivyo hajatofautishwa na yeyote.

Tuseme kampuni ya usafirishaji wa mizigo ina ofisi Mombasa, Malaba, Kampala na Kigali, na karani mmoja anataka kumpendekeza mwenzake wa mpakani. Angeweza kuandika hivi:

“Usiku wa tarehe 14 Agosti malori yetu matatu ya dawa yalizuiwa Malaba kwa sababu uzito ulio kwenye hati haukulingana na wa mzani. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa mbili. Alipopigiwa simu alirudi, akapitia hati zote, akagundua tarakimu moja iliyochapwa vibaya, akawasiliana na wenzetu wa Mombasa wakairekebisha. Malori yalivuka alfajiri. Wiki iliyofuata alitengeneza orodha ya mambo sita ya kukagua kabla ya kutuma hati. Makarani wote wanne tunaitumia, na tangu hapo hakuna lori letu lililozuiwa kwa kosa la aina hiyo.”

Hakuna neno “mchapakazi” mahali popote, lakini kila msomaji ameliona. Kuna tarehe, kuna tatizo, kuna alichofanya mhusika mwenyewe, kuna matokeo, na kuna kitu kilichobaki baada ya tukio. Kamati ikitaka kuhakikisha, inajua pa kuuliza. Tena jambo zito zaidi hapo si kurudi kazini usiku, bali ile orodha. Kuokoa malori matatu ni jambo jema. Kuhakikisha mengine hayakwami ndiyo kazi bora inayotafutwa.

Nguvu ya jambo mahususi tuliiona mwaka 2019, mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Sekondari ya Keriko, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani na kukabidhiwa dola milioni moja mjini Dubai. Sifa alizopewa jukwaani wengi wameshazisahau. Wanachokumbuka ni kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Takwimu moja ya kweli ilimweleza vizuri kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Nyuma ya mmoja kuna wengine

Anayempendekeza mwenzake ajihadhari na mtego mmoja mkongwe. Agosti 1935, katika mgodi wa Irmino eneo la Donbas, lililokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, mchimbaji Alexei Stakhanov alitangazwa kuwa amechimba tani 102 za makaa ya mawe katika zamu moja, ilhali kiwango kilichowekwa kilikuwa tani saba. Akawa shujaa wa taifa, na Desemba mwaka huo picha yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Time la Marekani.

Lililosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba hakuwa peke yake. Kwa kawaida mchimbaji alikata makaa, kisha akasimama kusimika nguzo za kuzuia dari la mgodi. Usiku ule wenzake wawili walimfuata nyuma wakisimika nguzo, yeye akaendelea kukata tu. Kazi ilikuwa ya watu watatu, jina likabaki moja. Baadaye rekodi hiyo ikatumiwa kuwapandishia viwango vya kazi wachimbaji wengine, na wengi wao wakaichukia.

Funzo lake halijazeeka. Tuzo inayomfanya mmoja aonekane amebeba jengo zima huwaumiza waliobeba pamoja naye, na mwaka unaofuata wanakunja mikono. Kwa hiyo taja waliosaidia. Karani wa Malaba hakupungukiwa na chochote kwa wenzake wa Mombasa kutajwa. Kama kazi kweli ilikuwa ya kikundi, uliza kama kuna tuzo ya kikundi.

Hofu ya mgema

Wapo wasimamizi wanaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo heri kunyamaza. Lakini methali ile inamhusu mgema aliyesifiwa ovyo, akaanza kudhani kila atakacholeta kitanyweka. Ukimwambia mtu hasa ni nini alichofanya vizuri, unamwonyesha pia kipimo ambacho mwakani atarudi kupimwa nacho.

Hofu nyingine ina msingi zaidi. Ofisi nyingi zimegeuza tuzo kuwa ya zamu: mwaka huu idara ya fedha, mwakani usafirishaji, ili pasiwe na manung'uniko. Nyingine huifanya mali ya ndugu, watu wa kabila moja au wapambe wa bosi. Hapo cheti hakina thamani hata kwa anayekipokea. Dawa yake ni vigezo kutangazwa mapema, kamati kuwa na watu wa ngazi tofauti, na sababu za ushindi kusomwa hadharani. Wasikilizaji wakisikia habari ya malori matatu na orodha ya mambo sita, minong'ono hupungua.

Pia tuangalie tunachokisifu. Kama kila mshindi ni yule anayebaki ofisini hadi usiku, tumewafungia mlango kina mama wanaowahi watoto, na kila anayemaliza kazi yake ndani ya saa zake. Tusisahau kwamba Mei Mosi yenyewe ilitokana na madai ya saa nane za kazi kwa siku, yaliyowatoa wafanyakazi wa Marekani barabarani mwaka 1886 na kumwaga damu mjini Chicago. Itakuwa ajabu siku hiyo hiyo kumtuza mtu kwa sababu tu hajui kwenda nyumbani.

Wala tuzo isichukue nafasi ya mshahara. Cheti hakilipi kodi ya nyumba. Mwajiri anayechelewesha mishahara halafu akaandaa hafla ya kifahari ya wafanyakazi bora, watu wake wanamwelewa vizuri sana.

Mipaka na lugha

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Benki kama KCB na Equity zenye makao makuu Nairobi, na CRDB ya Dar es Salaam, leo zinafanya kazi hadi Congo. Kampuni za mizigo, simu na bima nazo zimevuka mipaka. Mfanyakazi wa Lubumbashi anaweza kushindanishwa na wa Arusha mbele ya kamati ambayo haijawahi kuwaona wote wawili. Kamati hiyo inayo karatasi tu.

Karatasi ikitakiwa kwa Kiingereza peke yake, anayejua kuandika Kiingereza cha kupendeza anampa mwenzake nafasi, na fundi anayesifiwa kwa Kiswahili au Kifaransa anabaki nyuma hata kama kazi yake inamzidi mshindi. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshakikubali Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi. Haitakuwa vigumu kwa kampuni zilizonufaika na soko la pamoja kupokea fomu katika lugha ambayo wafanyakazi wake huitumia wanapopokezana zamu.

Anza leo

Usingoje tangazo la idara ya rasilimali watu, kwani likitoka huwa zimebaki siku tano na kumbukumbu zimefifia. Tenga ukurasa katika daftari lako. Mwenzako akifanya jambo, andika tarehe, tatizo, alichofanya na kilichofuata. Mistari mitatu inatosha.

Wakati ukifika, soma vigezo kabla ya kuandika, kisha chagua matukio mawili yanayoendana navyo badala ya kurundika kumi. Hakiki takwimu zako. Muulize mhusika kama yuko radhi, kwani wapo wasiopenda kuitwa mbele za watu. Kama ni bosi wako, jiulize ungeandika hayo hayo kama asingekuwa na kalamu ya kusaini likizo yako. Ukishatuma, mpe nakala mwenyewe na uombe nyingine iwekwe kwenye faili lake.

Huenda akashinda, huenda asishinde. Lakini siku mkataba wake utakapofika mezani kwa mtu asiyemjua, kutakuwa na ukurasa mmoja wenye tarehe na saini unaoeleza alichofanya usiku ule Malaba.