RISASI RAHISI NDANI YA BASTOLA GHALI



Katika mkutano wa tawi letu moja la mashamba ya chai, ndugu mmoja wa idara ya ulinzi alisimama tulipofika kwenye "Mengineyo". Alitoa mfukoni ganda tupu la risasi akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti. Lilikuwa la rangi ya kijivu, kama bati lililopakwa vanishi. Akasema: "Ndugu mwenyekiti, zamani tulikuwa tunapewa za rangi ya dhahabu. Siku hizi tunapewa hizi. Nauliza, ni sawa?"

Wachumaji walicheka. Mama mmoja alisema kwamba yeye shida yake ni kikapu na mizani, habari za bunduki awaachie askari. Mwenyekiti akafunga mkutano bila jibu. Lakini swali lile lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu bastola ya mlinzi ni chombo cha kazi kama panga la mkata miwa au mashine ya mshonaji. Na huyo mama, siku ya mshahara anasimama kwenye foleni hatua kumi tu kutoka kwa bastola hiyo. Kwa hiyo nimeona nilijibu hapa, kwa kadiri nilivyojifunza kwa mafundi wa silaha na kwa kesi moja ambayo niliisimamia mwenyewe.

Kwanza tuelewe risasi ni nini. Ina vitu vinne. Kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Kuna baruti, inayowaka na kukisukuma. Kuna fataki, kile kidonge kidogo nyuma kinachogongwa na pini ya bastola na kutoa cheche. Na kuna ganda, ambalo linavishika vyote hivi pamoja. Watu wengi hudhani ganda ni kifuko tu cha kubebea. Sivyo. Risasi inapolipuka, ganda linatanuka na kubana kuta za chumba cha risasi, ili moto usirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Kisha mara moja linatakiwa kunywea, ili ndoana ndogo ya bastola ilivute nje na kulitupa. Mgongo wa bastola, ile sehemu ya juu, unakwenda nyuma na kurudi mbele, unachukua risasi nyingine kutoka magazini. Yote haya yanatendeka kabla hujapepesa jicho. Ganda likikataa kutoka, kila kitu kinasimama.

Kwa kazi hiyo ya kutanuka na kunywea hakuna kitu kama shaba nyeupe. Ni mchanganyiko wa shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Ni laini kiasi cha kuziba, inarudi upesi, inateleza, na haili kutu kama chuma. Ubaya wake ni mmoja: bei. Shaba ni mali. Sisi wa Uganda tunalijua hilo tangu siku za Kilembe, na ndugu zetu wa Katanga na Zambia wanalijua zaidi. Chuma ni rahisi. Basi mtengenezaji akitaka kupunguza gharama anaacha shaba anatumia chuma, anakipaka vanishi au plastiki nyembamba kisipate kutu, na kazi imekwisha.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba kila ganda la chuma ni takataka. Wajerumani katika vita kuu ya pili walipokosa shaba walitengeneza maganda ya chuma kwa wingi na jeshi lao liliyatumia. Marekani nao walifanya hivyo. Katika mji wa Evansville, jimbo la Indiana, kiwanda cha magari cha Chrysler kiligeuzwa mwaka 1942 kuwa kiwanda cha risasi za bastola. Walianza na shaba nyeupe, kisha wakaambiwa shaba haitoshi, watumie chuma. Mpaka kazi ilipofungwa, kiwanda hicho kilikuwa kimetoa risasi zaidi ya bilioni 3 za milimita 11, zile za kipimo cha .45. Askari walizipiga katika bastola nzuri za Colt na hawakulalamika sana. Lakini angalieni tofauti. Wale walikuwa na serikali juu ya vichwa vyao, na wakaguzi. Chuma chao kilichaguliwa na risasi zao zilipimwa. Rahisi ya leo ni rahisi kwa sababu nyingine: ganda ni rahisi, kichwa ni rahisi, baruti haipimwi kwa uangalifu uleule, na ukaguzi umepunguzwa.

Tena kuna bastola zilizozaliwa na risasi za chuma. Makarov ya Warusi ni moja. Risasi yake ni milimita 9 kwa 18, ni fupi, nguvu yake si kubwa, na bastola yenyewe imeundwa kwa njia rahisi sana. Ukiipa chuma imepewa chakula cha kwao. Taabu huanza unapochukua bastola iliyotengenezwa kwa vipimo vya kubana, kwa risasi ya shaba nyeupe, ukailisha risasi ya chuma ya bei ya chini kabisa. Na hapa naonya kitu kingine: risasi ya Makarov na ile ya milimita 9 kwa 19 zote huitwa "nain". Si moja. Kichwa cha Makarov ni kinene zaidi. Mtu wa stoo akikuletea kisanduku, soma maandishi, usisikilize maneno.

Sasa madhara yenyewe.

La kwanza ni masizi. Chuma ni kigumu, hakizibi chumba vizuri kama shaba nyeupe, hasa risasi ikiwa dhaifu. Moshi unarudi nyuma unapita kandokando ya ganda na kuacha masizi ndani ya chumba. Zamani watu walisema ni vanishi inayeyuka na kuganda mle ndani. Mafundi niliowauliza wanasema mara nyingi si vanishi, ni masizi tu. Kwa mlinzi ni mamoja. Baada ya risasi kadhaa chumba kinakuwa chembamba, na ganda linanasa. Ajabu ni kwamba mara nyingine linalonasa ni ganda la shaba nyeupe, lililoingizwa baada ya zile za chuma kuchafua njia. Hapo mtu husema: "Mmeona? Hata za shaba zinakwama."

La pili ni ile ndoana. Ni kitu kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Chuma cha ganda ni laini kuliko cha ndoana, lakini si laini kama shaba nyeupe, na ganda lililonasa huvutwa kwa nguvu. Ndoana inalika ncha, au inapasuka, au inateleza tu na kuacha ganda ndani. Haionekani kwa macho mpaka siku inapohitajika.

La tatu ni mtutu. Hili mara nyingi halitokani na ganda, linatokana na kichwa. Risasi nyingi rahisi zina kichwa chenye koti la chuma lililopakwa shaba juu juu. Kwa macho ni chekundu kabisa. Ukikikaribisha sumaku, kinarukia. Koti la namna hiyo linakwangua michirizi iliyo ndani ya mtutu upesi kuliko koti la shaba. Mwaka 2013 duka moja la risasi la Marekani, Lucky Gunner, lilitoa habari za jaribio kubwa: bunduki 4 za aina moja, risasi 10,000 kwa kila moja, jumla 40,000. Moja ilipewa shaba nyeupe, tatu zikapewa aina tatu za chuma kutoka Urusi. Ile ya shaba mtutu wake ulibaki mzima. Za chuma mitutu ililiwa vibaya, na moja ya bunduki hizo haikumaliza hata jaribio kwa sababu ya kukwama. Hizo zilikuwa bunduki ndefu, ambazo moto wake ni mkali zaidi. Katika bastola kulika huko ni kwa polepole. Lakini waliandika jambo moja ambalo mwajiri akilisoma atafurahi: fedha waliyookoa kwa kununua risasi rahisi ilitosha kununua mtutu mpya na kubaki.

Hesabu hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Mtu anayepiga karatasi siku ya Jumapili anaweza kuifuata. Bunduki yake ikikwama anaweka chini, anacheka, anakunywa chai. Mlinzi wetu hapigi hata risasi 50 kwa mwaka, kwa hiyo mtutu hauwezi kumlika maishani. Anachohitaji ni zile risasi mbili au tatu za siku moja. Katika hesabu ya meneja siku hiyo haimo.

La nne ni kutu. Huku kwetu mvua inanyesha miezi mingi, na mlinzi anashinda na bastola kiunoni kwenye jasho. Vanishi ikikwaruzwa, ganda la chuma linaanza kutu palepale. Wengine kwa nia njema huzipaka risasi mafuta. Msifanye hivyo! Mafuta yanaingia kwenye fataki na kuiua, na ganda lenye mafuta halishiki kuta, linasukuma bastola kwa nguvu isiyotakiwa. Na kama risasi ni za kijeshi za zamani, fataki zake huenda zikaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu na kula chuma kwa siku chache. Mafuta hayaitoi. Inatolewa kwa maji ya moto kwanza, kisha kukausha, ndipo mafuta.

Nilisema kuna kesi. Ilikuwa mwaka 2009, katika shamba ambalo sitalitaja. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo, askari wa zamani, akimsindikiza karani wa fedha. Bastola yake ilikuwa Browning ya Herstal, Ubelgiji, muundo wa 1935, silaha ya heshima. (Waliozitengeneza nao ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka 1966 wanawake wapatao 3,000 wa kiwanda hicho walifunga kazi kwa wiki 12 wakidai kazi sawa ilipwe mshahara sawa.) Vijana wawili walitokea kwenye chai na mapanga. Mzee akapiga risasi ya kwanza juu. Ya pili haikuwapo. Ganda la ile ya kwanza lilikuwa limebaki nusu ndani, nusu nje. Alikatwa mkononi, mfuko wa mshahara ukaenda, na baada ya siku tisa akaletewa hospitalini barua ya kuachishwa kazi kwa "uzembe wa kutosafisha silaha".

Nilipokwenda kuonana na meneja nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Tuliletewa kisanduku cha risasi, mbele ya polisi. Sumaku ilishika ganda na ikashika kichwa. Fundi alifungua bastola: ndoana imelika ncha, chumba kimejaa masizi. Meneja akasema, basi, masizi hayo ndiyo uzembe wenyewe. Nami sikuweza kumkatalia moja kwa moja, maana ilikuwa kweli kwamba mzee hakusafisha tangu mazoezi ya wiki tatu nyuma, alipopiga risasi 30 za chuma. Nikauliza fimbo ya kusafishia na mafuta viko wapi. Viko stoo. Ufunguo wa stoo nani anao? Karani wa stoo. Anafungua lini? Jumatatu asubuhi. Na mlinzi wa zamu ya usiku yuko wapi Jumatatu asubuhi? Amelala. Hapo mazungumzo yalibadilika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufukuzwa, na mzee hakusikilizwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inampa mwajiri wajibu wa kutoa vyombo vya kazi vilivyo salama. Na Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inamtaka alipe mtu aliyeumia kazini. Barua ilifutwa ikawa onyo. Fidia ililipwa baada ya miezi mingi na safari nyingi kwa Afisa wa Kazi. Vidole vitatu vya mkono ule havikunji mpaka leo.

Kwa ndugu walinzi, haya ndiyo ninayowaomba. Mkipewa kisanduku kipya, someni kipimo, pitisheni sumaku kwenye ganda na kwenye kichwa, na muandike katika kitabu cha zamu tarehe na mlichokiona. Dai kwamba risasi za mazoezi ziwe za aina ileile mnayobeba kazini. Siku ya mazoezi, ukifyatua ikasema "tik" tu, shikilia mdomo wa bastola upande usio na mtu na uhesabu nusu dakika kabla ya kuifungua, maana moto unaweza kuchelewa. Na ukisikia mlio dhaifu, kama mtu amepiga kofi chini ya blanketi, simama kabisa. Kichwa huenda kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako.

Kuhusu bei, mwajiri atawaambia za shaba nyeupe ni ghali. Ni kweli. Lakini mlinzi mwenye bastola moja anahitaji magazini mbili za kubeba na kiasi cha kujifunzia. Mwambieni alete karatasi aonyeshe tofauti ni shilingi ngapi kwa mwaka, kisha iwekwe mezani pamoja na bei ya bastola.

Katika shamba lile la 2009 risasi za shaba nyeupe zilinunuliwa mwaka uliofuata, si kwa walinzi wote, kwa wanaosindikiza fedha tu. Fimbo na mafuta vilitolewa stoo. Ufunguo wa sanduku lake sasa anao mkuu wa zamu.