MIHOGO ITUOKOE NA NJAA, ISITUPOOZESHE

Ndugu msomaji, mvua ikikosekana huku kwetu Mwanza, mahindi hukauka lakini mihogo husimama. Ndiyo maana tunahimizana kila kaya iwe na shamba la mihogo. Lakini mihogo michungu ina sumu. Sumu hiyo isipotolewa, chakula kile kile kinachotuokoa na njaa kinaweza kutulemaza.

Hii si hadithi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa uitwao konzo uliwapata jirani zetu wa Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara. Njaa ilipobana, watu walifupisha kazi ya kuandaa mihogo michungu. Mgonjwa wa konzo hupooza miguu yote miwili kwa ghafula. Huwapata hasa watoto na akina mama. Hauambukizi, wala si kurogwa. Dawa ya kuuponya hakuna, kinga ipo.

Ukame huongeza sumu ndani ya mihogo. Kwa hiyo mwaka wa njaa ndio mwaka wa kuwa waangalifu zaidi. Kuianika juani peke yake hakutoshi. Fanya hivi:

1. Menya mihogo, uiloweke majini siku tatu au nne mpaka ilainike.

2. Mwaga maji hayo, mifugo wasiyanywe. Vunja mihogo vipande vidogo, uianike mpaka ikauke kabisa, ndipo utwange.

3. Kama una shaka na unga, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya ungo. Uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini saa tano, ili sumu itoke hewani. Upike siku hiyo hiyo.

4. Kula ugali huo na dagaa, maharage au karanga. Vyakula hivi vya kujenga mwili husaidia kuivunja nguvu sumu iliyobaki.

Ukiona mtu anatapika na kuumwa kichwa baada ya kula mihogo, au miguu yake inakakamaa ghafula, mpeleke zahanati upesi.

Ndugu mkulima, usingoje njaa ibishe hodi. Andaa udaga na michembe mapema, uviweke ghalani. Aliyejiwekea akiba hatalazimika kupika kwa haraka mihogo ambayo haijaiva majini. Siku nne za kuloweka ni chache. Miguu ya mtoto ni ya maisha yake yote.